Barua ya wazi kwa wachapishaji wa hadithi za watoto: mwanangu haponi ukurasa wa mwisho

Tabata,
Dar es Salaam.

Kwa Wakurugenzi na Wahariri,
Kampuni za vitabu vya watoto,
Dar es Salaam.

YAH: NAMNA HADITHI ZENU ZINAVYOMWELEZA MTOTO MWENYE USONJI

Waheshimiwa, salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, na ni muuza vitabu. Duka langu ni la vifaa vya shule: madaftari, kalamu, sare kidogo msimu wa Januari, na rafu mbili za hadithi za watoto za Kiswahili ambazo ndizo ninazozipenda kuliko kitu kingine chochote mle ndani, ingawa madaftari ndiyo yanayolipa kodi ya pango. Mtoto wangu mkubwa ni binti. Mdogo ni mvulana wa miaka tisa, na ana usonji, hali ambayo Kiingereza huiita autism. Mchana nauza bidhaa yenu, jioni nakutana na matokeo yake nyumbani.

Nilianza kwa faragha, kama ilivyo adabu. Kampuni iliyotoa kitabu kilichonifikisha hapa niliipelekea barua kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikawa kimya. Nilipofuatilia, mhariri alikuwa nje ya ofisi, kisha alikuwa kikaoni, kisha kijana mmoja wa mapokezi akanionea huruma, akaniambia kilichosemwa ndani: "Mama, wanasema ni hadithi tu." Jina la kampuni silitaji, wala la kitabu. Rafuni kwangu kuna hadithi nyingine za aina hiyo hiyo kutoka ofisi nyingine, na nikiitaja moja, ninyi wengine mtashusha pumzi mkasema hayawahusu.

Kitabu chenyewe kiko hivi. Kuna mvulana haongei. Anashinda chini ya mwembe akizungusha mfuniko wa sufuria. Watoto wenzake wanamkimbia. Mama yake analia kuanzia ukurasa wa tatu; tunadokezwa kwamba wakati wa ujauzito aligombana na mama mkwe wake, na kwamba mtoto alipokuwa mchanga alimwacha sana peke yake. Baba amesafiri tangu ukurasa wa pili (hapo mwandishi hakwenda mbali sana na hali halisi). Dada mtu ndiye pekee anayempenda. Siku moja mbwa mkali anawatokea, dada anaanguka, na mvulana kwa hofu anafungua kinywa na kuita, "Mama!" Kijiji kizima kinapiga vigelegele. Mwishoni tunamwona darasani, sare imenyooka, mkono juu akitaka kujibu swali la mwalimu.

Kisha yanakuja maswali ya ufahamu, kama kawaida ya vitabu vyetu. Swali la nne: "Ni nini kilichomponya?" Na nyuma kabisa, kwenye msamiati, usonji umeelezwa kuwa ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtoto asipende watu.

Haki yake nampa mwandishi: neno usonji limechapwa kwenye kitabu cha hadithi cha watoto. Miaka si mingi nyuma mvulana huyo angekuwa bubu wa kijijini aliyechukuliwa na majini, basi, hakuna la zaidi. Kuna mtu alitaka kufanya jambo jema. Lakini malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nayapanga kwa namba ili mtu akinijibu anijibu moja moja.

1. Mtoto lazima apone ndipo hadithi iishe.

Usonji si malaria. Ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu mwanzo, na anaishi nao hadi uzeeni. Hubadilika, kama watu wote wanavyobadilika: hujifunza, huzoea, wengine huanza kuongea wakiwa wamechelewa, wengine hawaongei kabisa na hutumia kadi za picha, ishara au simu kusema wanachotaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728. Ukichukua uwiano huo huo wa dunia ukaupigia hesabu hapa kwetu, unapata watu zaidi ya elfu arobaini ndani ya mkoa huu mmoja. Hao ni wateja wenu pia, na ndugu zao, na wanafunzi wenzao. Hakuna hata mmoja atakayeponywa na mbwa.

Nasema mbwa kwa sababu mahususi. Watoto wa mtaani kwetu walikisoma kitabu hicho. Baada ya hapo, jioni moja, walimchukua mbwa wa mlinzi wa godauni la jirani, wakamfunga kamba, wakamleta hadi alipokuwa mwanangu na kumwachia kamba ndefu ya kutosha. Mwanangu alikimbia. Alipita uchochoroni, akatokea barabarani, akaendelea hadi kando ya Barabara ya Mandela yanakopita malori ya kwenda bandarini. Fundi pikipiki mmoja ndiye aliyemdaka. Nilipowakuta wale watoto walikuwa wamesimama pale pale, wamechanganyikiwa. Mkubwa wao, ana kama miaka kumi na moja, akaniambia, "Anti, tulikuwa tunamsaidia aongee. Kama kwenye kitabu."

Sikuwagombeza. Walikuwa wamesoma vizuri. Swali la nne walilijibu sawasawa, wakatoka nje kulifanyia kazi, na sijui mwalimu gani angetaka wasomaji bora kuliko hao.

Jambo la kukimbia si dogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji waliohusishwa, asilimia 49, walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne. Na wapo wanaovutwa na maji. Mama yeyote wa mtoto kama wangu anayeishi mji wenye bahari, mito ya msimu na mitaro isiyofunikwa anajua usingizi wake ulivyo. Na mtoto akipotea Dar es Salaam, asijibu akiulizwa jina, akang'ang'ania geti la mtu asiyemjua, watu hufikiri mambo mawili: mwizi au pepo. Hadithi inayomfundisha mtoto wa Tabata nini cha kufanya akimkuta mwenzake wa namna hii amepotea ingeokoa uhai. Ya kumtisha ili aongee, hapana.

Kupona huko kunaingia pia nyumbani kwa njia ya simu. Mama mkwe wangu yuko Morogoro. Mjukuu wake mwingine alimsomea kitabu. Akanipigia akiwa na furaha ya kweli: mbona yule wa kitabuni alipona, ninyi mmejaribu nini? Nyuma ya swali hilo kuna nauli, kuna mganga anayejulikana, kuna kombe, kuna ng'ombe wa kuuzwa, kuna maombi ya mkesha ambako mtoto asiyevumilia kelele anawekwa mbele ya spika. Familia nyingi ninazozifahamu zimepita njia hiyo kabla ya kufika kliniki. Miaka inayopotea njiani ndiyo ile ya mwanzo, ambayo mtoto angefaidika zaidi kwa mafunzo.

2. Mama ndiye mkosaji.

Lawama hii ina historia yake, na inafaa wahariri waijue kabla ya kuichapa tena. Daktari Leo Kanner wa Marekani, aliyeandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 na kuueleza usonji kama hali ya pekee, alisema pia kwamba wazazi wa watoto hao walikuwa watu wa baridi. Bruno Bettelheim akaikuza hoja hiyo akaitolea kitabu kizima mwaka 1967. Kizazi cha akina mama wa Marekani na Ulaya kikaambiwa kwamba wao, kwa kutowapenda watoto wao, ndio waliowafungia ndani ya ukimya. Walikuwepo waliokataa mapema. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga hoja hiyo kwa maandishi mwaka 1964. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya wazazi akawaondolea lawama. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa mapacha nchini Uingereza ulioonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa, na tafiti nyingi zilizofuata zimelithibitisha hilo.

Kwa hiyo ugomvi na mama mkwe hauleti usonji. Kumwacha mtoto na dada wa kazi hakuleti usonji. Ninyi mmechapa, kwa rangi nne na jalada la kung'aa, hoja ambayo mmoja wa waasisi wake aliifuta zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Huku kwetu lawama hubadilisha nguo tu. Zamani mama alikula nini, alipita wapi saa sita mchana, alikosana na nani. Siku hizi ni simu na katuni: alimwasha mtoto televisheni akaenda kupika. Kwenye benchi la kliniki nimekaa na wanawake walioachwa kwa sababu hiyo, mwanamume amesema mbegu yake haina kasoro na ukoo wao hauna watoto wa namna hiyo. Mmoja wao alikuwa akimtoa mwanawe nje usiku tu. Mtoto wa mwanamke kama huyo ana dada, ana kaka, nao wanasoma vitabu vyenu shuleni, na humo wanaambiwa na mtu mzima mwenye elimu kwamba bibi alikuwa sahihi.

3. Asipopona, basi awe na kipaji cha ajabu.

Hii ni aina ya pili ya hadithi rafuni kwangu, na imetoka zaidi kwenye filamu za nje kuliko maishani kwetu. Mtoto haongei lakini anazidisha tarakimu sita kichwani, anagundua wizi wa fedha za kijiji, mwenyekiti anampa zawadi. Watu wenye usonji wenye vipaji vya namna hiyo wapo, ni wachache. Wengi ni watu wa kawaida. Mwanangu hesabu zinamshinda. Watu wakishasoma hadithi hizo wananiuliza, kwa heshima kabisa, "Na yeye anajua nini?" Nikisema hajui kitu cha pekee naona nyuso zinavyoshuka. Mtoto wa jirani asiye na usonji haulizwi anajua nini ndipo akaribishwe sebuleni.

4. Dada ametolewa sadaka.

Binti yangu ana miaka kumi na mbili. Alikisoma kitabu kile peke yake, akakirudisha mezani, akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayemlea?" Katika hadithi yule dada haendi kucheza, hakasiriki hata mara moja, hana rafiki, hana ndoto yake; yupo ili kumpenda kaka yake na kuanguka mbele ya mbwa. Ndugu wa mtoto mwenye usonji wana hasira na aibu na utani, na mapenzi pia, vyote kwa siku moja. Binti yangu humfukuza mdogo wake chumbani akimchania madaftari, na ndiye pekee anayejua kumtuliza umeme ukikatika. Mwandishi akiniletea dada mwenye yote mawili nitauza nakala zote atakazoleta.

5. Mtoto mwenyewe hayumo.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo gumu kulieleza kwa mtu asiyeishi na mtoto wa aina hii.

Yule mvulana wa chini ya mwembe hataki kitu. Anazungusha mfuniko, na hadithi haijiulizi kwa nini. Mchoraji kampa macho matupu. Anaziba masikio, na maandishi yanasema ni kwa kuwa hataki kusikia watu. Haangalii mtu usoni, basi hapendi watu. (Katika malezi yetu mtoto anayemkodolea macho mkubwa ni mtovu wa adabu, kwa mwanangu peke yake kuinamisha macho kumekuwa dalili ya ugonjwa.)

Mwanangu anaziba masikio kwa sababu sauti zinamuumiza. Kigodoro cha mtaa wa tatu, honi ya bodaboda, mlio wa jenereta la saluni: sauti ambazo wewe na mimi tumeshaacha kuzisikia, yeye zinamwingia zote kwa pamoja na kwa nguvu ile ile. Anapunga mikono akifurahi. Anapenda mabasi ya mwendokasi kuliko chakula. Akikaa dirishani huyarudia majina ya vituo jinsi alivyoyasikia: Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese. Nyumbani pia anayarudia, na mgeni akimsikia hudhani anabwabwaja. Siku moja tulishuka Manzese nikamnunulia mihogo ya kukaanga. Tangu hapo akiwa na njaa husema "Manzese". Dada yake akisikia hivyo huenda jikoni. Akitaka kuondoka mahali husema jina la kituo cha mwisho. Ana lugha yake, ina mpangilio, na ana mambo anayoyataka sana humo ndani.

Wataalamu wanaoshughulika na watoto hawa wamekuwa wakieleza kwa miongo kadhaa kwamba kurudia maneno huko mara nyingi kuna maana. Mwandishi hakuhitaji kusoma vitabu vyao. Angekaa asubuhi moja kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule yoyote ya msingi iliyo nacho hapa mjini, akanywa chai na walimu, angetoka na hadithi kumi, na hakuna hata moja ambayo ingemhitaji mbwa.

Wasichana pia hamna. Katika hadithi zote nilizo nazo wenye usonji ni wavulana. Wavulana hugunduliwa zaidi, ni kweli, lakini wasichana wapo, na mojawapo ya sababu za kutoonekana kwao ni kwamba hakuna anayewatarajia.

Wala watu wazima hamna. Mtoto wa kwanza kati ya wale 11 wa Kanner aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alizaliwa mwaka 1933. Madaktari walipendekeza alelewe mbali na nyumbani, na kwa muda alikaa kwenye taasisi, kisha wazazi wake wakamrudisha. Alikua, akafanya kazi benki ya mjini kwao, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, na alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Hakupona. Alizeeka na usonji wake katika mji uliomzoea. Najua mtakachosema: familia yake ilikuwa na fedha, benki yenyewe ilikuwa na mkono wao. Ni kweli, na mwandishi mzuri asingelificha hilo. Lakini watoto wetu hawajawahi kusimuliwa hata hadithi moja ya mtu mwenye usonji aliyefikia uzee.

Sasa majibu ambayo nimekwisha kuyasikia au nayatarajia.

Kwamba ni hadithi tu. Ninyi wenyewe hamliamini hilo, maana kila mwaka mnatuma mawakala mashuleni kuwaambia walimu kwamba hadithi hujenga maadili ya mtoto. Kama za sungura zinajenga, basi na ya mbwa inajenga.

Kwamba watoto wanapenda mwisho mwema. Wanapenda, na mimi napenda. Mwisho mwema unaweza kuwa mvulana amekaa na wenzake, bado anazungusha mfuniko wake, na mmoja wao amejifunza kuuzungusha. Watoto wangekubali. Wakubwa ndio wenye kudai vigelegele.

Kwamba kitabu hakijaingia shuleni rasmi. Nafahamu kuwa vitabu vya shule hupita kwenye tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kitabu hiki hakina ithibati kwenye jalada. Lakini kinauzwa, walimu wananunua kwa fedha zao kwa ajili ya kona za kusomea, wazazi wanawanunulia watoto likizo. Mtoto haangalii ithibati.

Kwamba karatasi ni ghali na soko dogo. Hili naliheshimu, maana nami liko mgongoni kwangu. Ila sijaomba ukurasa hata mmoja wa nyongeza.

Kwamba mtarekebisha toleo lijalo. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, na wenzake walichapisha makala juu ya watoto 12 iliyodokeza kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, naye akanyang'anywa leseni. Na bado, hapa Tabata, nimeulizwa na mama mwenye mtoto mchanga mgongoni kama kweli chanjo ndiyo iliyomfanya mwanangu awe hivi. Nakala zilizokwisha kutoka hazirudi zenyewe.

Na kwamba mwandishi ana uhuru wake. Anao, wala sitaki kitabu kipigwe marufuku. Muuza vitabu anayeomba marufuku anajikatia tawi alilokalia. Nakumbusha tu kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na Ibara ya 8 ya mkataba huo inazungumzia kupambana na dhana potofu juu ya watu wenye ulemavu na kujenga heshima kwao tangu utotoni. Vitabu vya watoto viko katikati kabisa ya maneno hayo.

Ninachoomba ni hiki.

Nakala ambazo hazijauzwa ziwekewe kikaratasi cha masahihisho: maana ya usonji iandikwe upya na swali la nne lifutwe. Kikaratasi cha nusu ukurasa kinatoka kwenye mashine ya kawaida ya ofisi. Za kwangu nitaziwekea mwenyewe mkinitumia maandishi.

Kuanzia sasa, mswada wowote wenye mhusika mwenye usonji usomwe kabla ya kwenda mitamboni na mzazi mmoja angalau, mwalimu wa elimu maalumu mmoja, na mtu mzima mwenye usonji. Watu wazima hao wapo mjini hapa, wanasoma na kuandika vizuri. Walipwe, kama mnavyomlipa mchoraji. Na mchoraji naye apelekwe akawaone watoto kabla ya kuchora macho yao.

Mwalikeni pia mwandishi aandike hadithi ambamo mtoto ana usonji ukurasa wa kwanza na anao ukurasa wa mwisho, na katikati ana shida nyingine kabisa: kapoteza kandambili, anataka kupanda mwendokasi, kagombana na dada yake. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina nafasi ya hadithi za watoto. Ningependa kuona kitabu cha namna hiyo kikishindanishwa.

Mwisho, naomba majibu ya maandishi, yenye saini ya mtu. Naagiza mzigo wa Januari mwezi Novemba. Mpaka siku hiyo vitabu nilivyobaki navyo viko chini ya kaunta, sijavirudisha kwa wakala na sijaviuza. Wenzangu wawili wenye maduka, mmoja Buguruni na mmoja Kariakoo, wameniambia watasubiri nijibiwe nini kabla hawajaagiza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mtoto mwenye usonji na muuza vitabu,
Tabata.

Nakala: Walimu wa vitengo vya elimu maalumu, Dar es Salaam;
Wenye maduka ya vitabu.